Asili ya Chuma na Dhahabu

Mhunzi hufanya jembe, lakini hawezi kufanya chuma. Zamani katika makabila ya Mara walikuwako wahunzi waitwao Waturi, waliofua majembe, mikuki na mishale. Na huko Buzinza, upande wa kusini-magharibi wa ziwa, walikuwako Warongo, hodari wa kuyeyusha chuma. Mafundi hao walitwaa mawe mazito yenye wekundu wa kutu, wakayatia tanurini pamoja na makaa ya miti, wakavukuta kwa mivukuto saa nyingi. Kisha walitoa bonge la chuma. Mtu aliyesimama kando akitazama aliona kama kwamba jiwe limegeuka kuwa chuma. Sivyo. Chuma kilikuwamo katika jiwe tangu mwanzo, kimeshikamana na oksijeni, yaani hewa ile ile tunayoihitaji katika kuvuta pumzi. Makaa ni kaboni, na katika moto mkali kaboni huivuta oksijeni kwa nguvu kuliko chuma kinavyoivuta. Basi ikaichukua ikaenda nayo juu, na chuma kikaachwa peke yake. Kazi ya tanuru ilikuwa kutenga tu.

Kitu kama chuma, kisichoweza kutengwa tena kuwa vitu vingine kwa moto wala kwa dawa, huitwa elementi. Dhahabu ni elementi, na kaboni, na oksijeni, na zebaki. Elementi zinazopatikana duniani kwa asili yake ni kama 90 hivi, na kila kitu tunachokishika kimefanywa kwa hizo. Kila elementi ina atomu za namna yake, na katikati ya atomu mna kiini kidogo mno, na katika kiini mna chembe ziitwazo protoni. Hesabu ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake. Haidrojeni ina protoni 1, heliamu 2, kaboni 6, oksijeni 8, chuma 26, dhahabu 79, zebaki 80. Tazameni jinsi dhahabu na zebaki zilivyo majirani: protoni moja tu imezitenga! Kwa sababu hiyo watu wengi wa zamani, na baadhi yao walikuwa wenye akili kweli kweli, walimaliza maisha yao wakipika zebaki wapate dhahabu. Wasiipate. Moto wetu, hata uwe mkali namna gani, hugusa chembe zilizo nje ya atomu tu. Hauufikii moyo wake. Basi mtu akija kijijini akisema anayo dawa ya kugeuza shaba kuwa dhahabu, au ya kuifanya dhahabu izae, anataka fedha zenu.

Ikiwa mhunzi hakukifanya chuma, wala tanuru halikukifanya, wala moto ulio chini ya milima yenye volkano haukukifanya, kilifanywa wapi? Jibu lapatikana juu, usiku.

Mtu wa Kamunyonge, katika mji wa Musoma, akishuka ufukweni usiku usio na mwezi, aziona taa za wavuvi wa dagaa zikimeremeta juu ya maji. Akienda mbali kidogo na taa za mji akainua macho, ataona mbinguni ukanda mweupe kama moshi, utokao upeo mmoja mpaka upeo wa pili. Huo ni Njia Nyeupe, nao ni mkusanyiko wa nyota, mavumbi na hewa, mkubwa kupita fikira zetu. Mkusanyiko wa namna hiyo huitwa galaksi. Katika hii yetu mna nyota zaidi ya milioni 100,000, na jua letu ni moja tu katika hizo.

Pengine mwanafunzi atauliza, Nani aliyekwenda nyotani akaona yaliyomo? Hakuna aliyekwenda. Lakini jioni mnapopika, tupeni chembe chache za chumvi katika moto. Mwali utakuwa wa njano mara. Rangi hiyo ni ya sodiamu iliyo katika chumvi, na kila mahali penye sodiamu yenye joto, hapa au penginepo, rangi ni ile ile. Kila elementi ina rangi zake, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Nuru ya nyota ikipitishwa katika kioo kilichokatwa pembe tatu hukunjuka ikawa kama upinde wa mvua, na ndani yake mna mistari. Mwenye elimu huisoma mistari hiyo kama ninyi msomavyo ukurasa huu. Mwaka 1868 wanafalaki walisoma katika nuru ya jua mstari wa kitu ambacho hapakuwa na mtu aliyepata kukiona duniani. Wakakiita heliamu, kutokana na neno la Kiyunani la jua. Ilipita miaka 27 kabla haijapatikana hapa duniani, mwaka 1895. Na mwaka 1925 mwanamke mmoja, jina lake Cecilia Payne, alionyesha kwa hesabu kwamba nyota karibu zote ni haidrojeni na heliamu, na elementi nyingine zote ni kidogo tu ndani yake. Wakubwa wake hawakumsadiki kwanza, bali miaka michache baadaye waliona kwamba alisema kweli.

Ulimwengu ulipoanza, miaka milioni 13,800 iliyopita, ulikuwa na joto kali ukatanuka upesi ukapoa. Katika dakika chache za kwanza zilifanyika elementi nyepesi tu: robo tatu ya uzito wote haidrojeni, robo moja heliamu, na chembe ndogo ya lithiamu. Hapakuwa na kaboni, wala oksijeni, wala chuma. Hata maji hayakuweza kuwako. Kwa muda mrefu ulimwengu ulikuwa hewa na giza, mpaka mawingu ya haidrojeni yakajivuta yenyewe kwa uzito wake, yakabanana, yakapata joto, yakawaka. Hizo ndizo nyota za kwanza.

Nyota haiwaki kwa kuungua kama kuni. Viini vya atomu husukumana kila vikikaribiana, lakini katikati ya jua joto ni digrii kama milioni 15, na katika joto hilo viini vya haidrojeni hugongana kwa nguvu hata vikashikamana kuwa heliamu. Kila nukta moja ya saa jua letu hugeuza tani kama milioni 600 za haidrojeni kuwa heliamu, na katika hizo tani milioni 4 hupotea zikawa nuru na joto. Ndilo joto linaloanika dagaa wenu juu ya miamba. Baadaye sana, haidrojeni ya katikati itakapokwisha, jua litafikia digrii milioni 100, na viini vitatu vya heliamu vitaungana kuwa kaboni, na kaboni ikiongezewa heliamu itakuwa oksijeni. Hapo jua litakoma. Nguvu zake hazitoshi kupita hapo.

Nyota kubwa, zenye uzito mara nane ya jua au zaidi, huendelea. Kaboni yake hupikwa ikatoa neoni na magnesiamu, oksijeni ikatoa silikoni, na silikoni mwishowe ikawa chuma. Nyota ya namna hiyo ikikatwa ingeonekana kama kitunguu, tabaka juu ya tabaka, haidrojeni nje kabisa na chuma moyoni. Nayo hufanya haraka kadiri inavyokaribia mwisho: haidrojeni yaweza kuitosha miaka milioni kadhaa, lakini silikoni ya mwisho huisha kwa muda wa siku chache tu. Kisha mambo hubadilika, kwa maana chuma si kama elementi zilizotangulia. Nyingine zikiungana hutoa joto. Chuma kikiungana na kingine hula joto. Basi moto wa katikati wakosa chakula, na uzito wote wa nyota, ambao ulikuwa ukichukuliwa na joto lile, waanguka ndani kwa muda usiotimia nukta moja. Tabaka za nje zagonga moyo ulioshindiliwa, zarudishwa kwa kishindo, na nyota yapasuka.

Jambo hilo lilionekana katika siku za wazee wenu. Upande wa kusini, chini karibu na upeo, watu wa Musoma waweza kuona katika jioni za Desemba na Januari wingu dogo jeupe lisilosogezwa na upepo. Si wingu la mvua. Ni galaksi nyingine ndogo, jirani yetu, iitwayo Wingu Kubwa la Magellan. Tarehe 24 Februari 1987 wanafalaki waliokuwa Chile waliona ndani yake nyota ambayo usiku uliotangulia haikuonekana kwa macho. Nyota kubwa ya buluu ilikuwa imepasuka. Mtu aliyesimama Mara jioni za Machi mwaka ule, mbingu zikiwa safi, angeweza kuiona kwa macho matupu. Nuru yake ilikuwa imesafiri miaka zaidi ya 160,000; ilipoondoka huko, hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyejua chuma, na zana za watu zilikuwa za mawe.

Nyota hiyo ndiyo iliyotupa ushahidi ulio bora. Chuma kingi cha mpasuko hakitoki kikiwa chuma. Hutoka kikiwa nikeli ya namna isiyodumu, ambayo hugeuka kuwa kobalti, na kobalti hiyo hugeuka kuwa chuma, nusu yake kila siku 77. Wataalamu walipima jinsi mwanga wa nyota ile ulivyofifia mwezi kwa mwezi, wakakuta wapungua kwa kipimo cha kobalti hasa. Kwa njia hiyo walihesabu chuma kilichofanyika: uzito wake ni kama dunia 20,000 zikiwa chuma kitupu. Yote hayo kwa nyota moja.

Lakini mipasuko ya nyota kubwa si njia ya pekee. Sehemu kubwa ya chuma cha galaksi yetu yatokana na nyota kibete nyeupe, ambazo ni mabaki ya nyota zilizokwisha moto, ukubwa wao kama dunia na uzito karibu na wa jua. Kibete akinyonya hewa ya nyota iliyo karibu naye mpaka akalemewa, au akigongana na mwenzake, hulipuka wote asibaki kitu. Na nyota nyekundu zilizozeeka, zisizopasuka kamwe, hupika elementi nzito polepole. Katika hizo mna chembe ziitwazo nyutroni, ambazo hazisukumwi na kiini, hata huingia ndani yake bila kizuizi. Na nyutroni iliyoingia yaweza kugeuka kuwa protoni, elementi ikapanda daraja moja. Mwaka 1952 Paul Merrill alikuta katika nuru ya nyota za namna hiyo mistari ya teknetiamu. Teknetiamu haidumu, umri wake ni mfupi sana ukilinganishwa na umri wa nyota. Kama ingalikuwamo tangu nyota ilipozaliwa, ingalikwisha kutoweka. Basi hapana budi ilifanyika mle mle. Miaka mitano baadaye, mwaka 1957, Margaret Burbidge na mumewe Geoffrey, pamoja na William Fowler na Fred Hoyle, waliandika makala ndefu iliyoeleza kwa hesabu jinsi elementi karibu zote zifanywavyo nyotani, na hata leo wanafunzi wa falaki huirejea.

Dhahabu ilibaki kuwa fumbo. Ili kupanda kutoka chuma, protoni 26, mpaka dhahabu, protoni 79, kiini chahitaji kumiminiwa nyutroni kwa wingi na kwa haraka ajabu. Nyota kubwa ikipasuka, mara nyingi huacha moyo ulioshindiliwa uitwao nyota ya nyutroni: uzito wake wapita wa jua, lakini upana wake ni kilomita kama 20, safari ya miguu ya saa nne au tano. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilipima mtikisiko ulioletwa na nyota mbili za namna hiyo zilizozungukana mpaka zikagongana, mbali nasi miaka ya nuru kama milioni 130. Baada ya saa zipatazo kumi na moja darubini zikaona mwanga wake, wa buluu kwanza, kisha mwekundu, kama ilivyotazamiwa kwa mavumbi ya elementi nzito. Dhahabu iliyotupwa angani katika mgongano huo yakadiriwa kuwa na uzito wa dunia kadhaa. Migongano hiyo hutokea kwa nadra sana katika galaksi moja, na wataalamu bado wabishana kama hiyo peke yake yatosha kueleza dhahabu yote. Lakini sasa hakuna awezaye kubisha kwamba elementi nzito kama hizo hufanyika hapo.

Sasa tuone jinsi vitu hivi vinavyojilimbikiza. Watu wa kisiwa cha Ukara, karibu na Ukerewe, wanasifiwa tangu zamani kwa kilimo chao. Nchi yao ni ndogo na watu ni wengi, hivyo hufuga ng'ombe zizini, wakakusanya samadi na kuirudisha shambani, na ardhi ikaendelea kuwalisha. Galaksi nayo ina shamba lake, yaani mawingu ya hewa yaliyo kati ya nyota. Nyota huzaliwa katika mawingu hayo, na zikifa hurudisha humo samadi yake: kaboni, oksijeni, chuma. Nyota za kizazi cha pili huzaliwa katika hewa iliyokwisha kutiwa samadi, nazo huongeza, na kizazi cha tatu vivyo hivyo. Kwa hiyo nyota za zamani sana ni maskini wa chuma. Mwaka 2014 wanafalaki wa Australia walitangaza nyota moja ya galaksi yetu ambayo chuma chake hakifikii hata sehemu moja katika milioni kumi ya kile cha jua. Nyota hiyo ilizaliwa karibu na mwanzo, wakati shamba lilipokuwa bado halijapata samadi. Jua letu lilizaliwa baadaye sana, na elementi nzito ndani yake ni kama sehemu moja na nusu katika mia. Si nyingi, lakini zilitosha kufanya dunia.

Wala galaksi zote hazikutajirika sawa. Mkulima wa mlimani ajua kwamba shamba la mteremko, lisipowekwa matuta, hupoteza udongo wake kwa mvua ya kwanza, na shamba la bondeni huushika. Galaksi ndogo ni kama shamba la mteremko: uvutano wake ni dhaifu, na nyota zikipasuka hewa yenye elementi nzito hupeperushwa nje. Galaksi kubwa huishika. Lile Wingu Kubwa la Magellan lina elementi nzito kama nusu ya zile za jua, na ndugu yake, Wingu Dogo, lina kama sehemu moja ya tano tu. Hata katika Njia Nyeupe yenyewe, karibu na katikati, penye nyota nyingi, utajiri ni mwingi, na pembeni ni haba.

Miaka milioni 4,600 iliyopita wingu moja la hewa na mavumbi lilijivuta likawa jua, na mabaki yake yakawa dunia na sayari nyingine. Chuma kingi cha dunia kilizama kikafika katikati, tusikopata kukichimba. Kipande cha moyo wa sayari ndogo iliyovunjika zamani za kale kilituangukia huko Mbozi, katika mkoa wa Songwe. Watu wa huko hukiita Kimondo. Uzito wake ni tani kama 16, na sehemu tisa katika kumi ni chuma, inayobaki ni nikeli hasa. Mwenye kukigusa agusa chuma kilichopikwa nyotani na ambacho hakijapita katika tanuru la mhunzi yeyote.

Dhahabu ya Mara ilikuja katika wingu lile lile. Ilikuwa imetawanyika: katika tani elfu za mawe ya kawaida hupatikana gramu chache tu. Kisha, zaidi ya miaka milioni 2,600 iliyopita, maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba ya nchi hii yaliiyeyusha kidogo kidogo, yakaikusanya, yakaiacha ndani ya mawe meupe ya kwatzi. Hiyo ndiyo iliyochimbwa Buhemba, katika wilaya ya Butiama, tangu wakati wa ukoloni, na ndiyo inayochimbwa Nyamongo, wilaya ya Tarime, ambako mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002. Maji yaliikusanya, hayakuifanya. Shimo likikwisha kuchimbwa, dhahabu haioti tena kama muhogo.

Nanyi wenyewe mmefanywa kwa vitu hivyo hivyo. Kalsiamu ya mifupa ya dagaa mnayotafuna yatoka katika nyota zilizopasuka. Oksijeni, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa mwili, ilipikwa na nyota kubwa. Chuma katika damu ya mtu mzima ni gramu tatu au nne, uzito wa msumari mdogo, na bila hicho damu isingeweza kuchukua hewa. Haidrojeni peke yake, iliyo katika maji ya mwili wenu, haikutoka nyotani. Hiyo ni ya zile dakika za kwanza.

Limebaki neno moja, la wachimbaji wadogo. Wengi wao huchanganya mchanga wa mawe yaliyosagwa na zebaki, kwa kuwa zebaki hushikamana na dhahabu. Kisha huchoma bonge lile, zebaki ikaenda kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Husema zebaki imeungua. Lakini tumekwisha kuona kwamba moto haugusi kiini. Mvuke ule ungali na protoni zake 80, na ni sumu ya ubongo na mishipa ya fahamu kwa mchomaji, na kwa mtoto aliyeketi karibu naye. Usiovutwa na mtu huanguka na mvua, huingia mitoni na ziwani, viumbe vidogo vya matopeni huugeuza kuwa sumu kali zaidi, dagaa huila, na sangara alaye dagaa huilimbikiza kuliko wao. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba lililopinda, ambacho mchimbaji aweza kuchomea ndani yake. Mvuke hupita katika bomba, hupozwa kwa maji, na mwisho wa bomba zebaki hudondoka tena bakulini, ikimeta, karibu kipimo kile kile alichotia.